Sarafu mpya ya dola 80, ndani yake mna fedha ya dola 24

Kila mwaka minti kubwa za dunia, yaani viwanda vya kupiga sarafu, zikitangaza bei za sarafu zao mpya za fedha na dhahabu kelele zaanza, hata huku kwetu Mombasa ambako wakusanyaji tu wachache na karibu sote twajuana. Mmoja atasema bei imezidi, mwengine atasema nunua sasa hivi kabla hazijaisha, wa tatu atatoa simu mfukoni akuonyeshe fedha imepanda tangu asubuhi, mpaka kahawa yapoa na hakuna alomaliza hoja. Mie nna msimamo wangu, nshausema sana kwa mdomo na sasa nauandika: bei ya sarafu mpya ni bei mbili zimefungwa kwenye boksi moja la mahameli, na ukizichanganya utalipia kitu ambacho hapa mjini hakuna atakayekurudishia pesa yake.

Anza na madini yenyewe. Ile sarafu ya Marekani iitwayo American Silver Eagle yatoka tangu 1986, ina wakia moja ya troi, yaani gramu 31.1, ya fedha ya 999, maana yake sehemu 999 kati ya elfu ni fedha safi. Juu yake imeandikwa dola moja lakini hiyo dola ni ya sheria tu, hakuna mwenye akili atakayeenda kununulia soda. Yatoka kwa sura mbili kuu. Kuna ile ya kawaida, bulioni, ya watu wanaotaka madini tu, ambayo US Mint, minti ya Marekani, haikuuzii weye moja kwa moja, yawauzia wafanyibiashara wakubwa walioidhinishwa kwa bei ya madini ya siku ile na nyongeza ndogo, wale nao wauzia wadogo, na kila mkono wakata chake mpaka ifike kwako. Halafu kuna pruufu, ile iliyong'arishwa uwanja wake wote, yaja na boksi na cheti, na hii minti yenyewe ndo yauza rejareja kwa bei iliyojipangia. Mwaka 2023 pruufu ilikuwa dola 80. Fedha mwaka ule ikizunguka dola 23, 24 kwa wakia. Kwa shilingi ya siku hizi ya 129 hivi kwa dola, hiyo ni elfu kumi na mia tatu, na fedha iliyomo ndani ni ya elfu tatu na mia moja. Hizo elfu saba na ushei ni za nini?

Mtu aliyelelewa Mji wa Kale hafai kubabaika na swali hili, kwa sababu mama zetu wote walikuwa mabingwa wa hesabu hii hii. Waenda kwa sonara kununua bangili za harusi, sonara aziweka kwenye mzani, akwambia gramu ngapi, karati ngapi, bei ya leo ya gramu ni hii, kisha juu yake aongeza ujira wake. Ujira hausemwi kwa sauti kubwa sana lakini upo, na bangili yenye nakshi nyingi ujira wake mkubwa. Siku mbili tatu mbele dunia ikageuka, ada ya shule yatakikana, bangili zarudi kwa sonara yule yule, na yule yule aliyekusifia nakshi sasa haioni nakshi, aona gramu tu, tena akata kidogo ya kuyeyushia. Hakuna mama aliyelia kudhulumiwa, kila mtu alijua tangu mwanzo kwamba ujira ni wa kuvaa na kupendeza, wa kurudishwa ni uzito. Sasa pruufu ya dola 80 ni bangili yenye ujira wa dola 56, na watu wazima wenye digrii zao wakaa kushangaa mbona wauzapo hawapati ile 80.

Sisemi ujira ni wizi lakini. Pruufu ina kazi ndani yake, vipande vyake vyatayarishwa mbali, chapa zapigwa msasa, na sarafu yagongwa zaidi ya mara moja ili mchoro ujae mpaka kwenye kona. Ukiishika kwa ukingo, chini ya taa, waona kabisa hii si kazi ya mashine inayotema sarafu za matatu. Mtu akisema mie nalipia ule uzuri, nataka kuutazama, basi simshindi, ni pesa yake na macho yake. Ninayemshinda ni yule anayeniambia ati hii ni akiba. Akiba yataka mtu wa kuinunua kesho, na hapa ndo watu hukurupuka na neno moja, ati zitaadimika.

Haya tuongee kuadimika, kwa sababu hadithi zenyewe ni za kweli na ndo zinazotupotezea pesa. Mwaka 1995 US Mint waliadhimisha miaka kumi ya sarafu za Eagle, wakatoa seti ya pruufu nne za dhahabu, kubwa mpaka ndogo, jumla wakia 1.85, na humo wakatia Silver Eagle moja yenye herufi W ya kiwanda cha West Point. Seti ilikuwa dola 999. Ile ya fedha haikuuzwa peke yake, hutaki dhahabu huipati, na wakusanyaji wa fedha walinung'unika sana kwa sababu walijaza kila mwaka kwenye albamu zao sasa hapo pana tundu lisilozibika mpaka utoe karibu dola elfu. Ikapigwa 30,125 tu. Leo hiyo sarafu moja ya fedha yauzwa kwa maelfu ya dola. Mwaka 2011 tena, miaka 25, seti ya Silver Eagle tano kwa dola 299.95, seti laki moja, kila nyumba mwisho tano, zikamalizika kwa saa chache tu. Na 2019 ndo kali zaidi, pruufu ya kinyume, mchoro ndo ung'aao badala ya uwanja, yenye herufi S ya San Francisco, 30,000 pekee, dola 65.95, ikaisha ndani ya dakika chache, na siku hizo hizo waliozipata wakaanza kuziuza zaidi ya dola elfu.

Umeona? Mtu akisikia hizi tatu basi kila tangazo la minti kwake ni 2019 nyingine. Hasikii habari ya mamia ya sarafu zilizotoka kati ya hapo ambazo leo wazipata kwa bei ya madini na kijinyongeza, boksi lake na cheti chake, cheti hata hakijakunjwa. Wenzangu waliona zile za Olimpiki ya Atlanta. Marekani walitoa mpangilio mzima 1995 na 1996, za dhahabu, za fedha, za shaba na nikeli, ukitaka zote kwa sura zake zote wahitaji sarafu 32, na mtu wa kawaida atazinunua vipi zote hizo? Watu wakachoka. Na ajabu yake ni kwamba kuna chache mle ambazo hazikununuliwa kabisa, zikawa idadi yake ndogo, na baadaye ndo zikatafutwa. Vivyo hivyo dhahabu ya dola 5 ya Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli, ya 1997, ile isiyo pruufu, iliuzwa 5,174 tu kwa sababu mashabiki hawakuitaka wakati ule. Miaka baadaye ikawa ndo ile kila mtu amwuliza mwenzake unayo?

Kwa hiyo adimu za kweli mara nyingi zatoka pale minti ilipotaka kuuza nyingi na watu wakakataa. Iliyotangazwa adimu tangu siku ya kwanza, bei ya uadimu washaitia ndani, au wanunuzi wa haraka wenye kompyuta tatu tatu washaichukua kabla ya weye kuingiza namba ya kadi. Na sie wa huku twaingia na intaneti ya simu na masaa ya Afrika Mashariki!

Kitu kingine watu hawakiangalii ni zile sarafu za ukumbusho zenye mchango ndani. Kwa Marekani, bunge likipitisha sheria ya sarafu ya ukumbusho huwa latia na mchango wa lazima juu ya bei, kawaida dola 35 kwa ile ya dhahabu ya dola 5, dola 10 kwa dola ya fedha, dola 5 kwa nusu dola, na pesa hizo zaenda kwa taasisi iliyotajwa kwenye sheria, makumbusho au shirika fulani. Ni jambo zuri kwao huko. Lakini weye ukikaa Kisauni ukanunua hiyo sarafu ushatoa sadaka kwa jumba la makumbusho ambalo hutalitia mguu, na atakayeinunua kwako kesho hatakulipa sadaka yako. Mie sadaka yangu najua pa kuipeleka.

Dhahabu ina utaratibu wake na kwa kweli wa haki zaidi. Pruufu za dhahabu za Marekani bei yake yafuata jedwali, wastani wa bei ya London wa wiki, ukivuka ngazi fulani bei yapanda, ukishuka nayo yashuka. Kwa hiyo ile nyongeza waiona wazi. Mfano mzuri ni nusu dola ya dhahabu ya Kennedy, Agosti 2014, robo tatu ya wakia ya dhahabu safi, bei ya kuanzia dola 1,240. Dhahabu siku zile ilikuwa kwenye dola 1,290 kwa wakia, kwa hiyo robo tatu yake ni dola 967 hivi, nyongeza karibu dola 270. Watu walilala nje kupanga foleni kwenye maonyesho ya sarafu kule Chicago, wafanyibiashara wakawalipa watu baki kuwasimamia foleni, mpaka minti wakasimamisha uuzaji wa mkono kwa mkono kabla ya wakati kwa kuogopea usalama. Na sarafu zenyewe hazikuwa na kikomo cha idadi! Ungetulia kwenu ukaagiza baadaye ungeipata tu, tena dhahabu iliposhuka baadaye na bei ya jedwali ikashuka. Lakini mtu aliyeona foleni akili yamwambia kuna kitu.

Fedha haifuati jedwali la namna hiyo, bei yapangwa, yakaa, kisha madini yakikimbia sana waisimamisha na kuipanga upya. Na hapa ndo ntakwambia kwa nini mie hununua bulioni kwa ajili ya madini na sinunui pruufu kwa ajili ya madini. Fedha ina wazimu. Januari 1980 ilikaribia dola 50, ikaporomoka. Aprili 2011 ikakaribia tena hapo hapo, ikaporomoka tena. Machi 2020 ilishuka chini ya dola 12. Oktoba 2025 ikavuka 50. Sasa chukua watu wawili wa 2023. Mmoja alitoa dola 80 kwa pruufu, mwengine alinunua bulioni ya fedha, Maple Leaf ya Kanada au Britannia ya Uingereza, kwa bei ya madini na dola chache juu yake. Siku ile ya Oktoba fedha inapita 50, wa pili ameshapata faida yake, wa kwanza madini yake bado hayajafika pale alipolipia, angojea mkusanyaji mwenzake ampe thamani ya boksi. Madini yalipanda zaidi ya mara mbili, na bado angojea!

Turudi nyumbani. Mkusanyaji wa London ana maduka ya sarafu mtaani na akichoka auza huko huko kwa mtu anayejua 1995-W ni nini. Tena sheria zao zamsaidia, dhahabu ya uwekezaji haina VAT, ingawa fedha yakatwa asilimia 20, na ukimwagiza binamu akununulie Britannia ya fedha dukani huko ile VAT yaingia kwenye bei yako usipoiangalia. Sie tuna gharama ya kusafirisha, bima, na hesabu ya forodha ukifika mzigo, na mtu wa forodha hatajali kwamba sarafu imeandikwa dola moja, ataangalia risiti. Yote hayo ni ujira juu ya ujira. Halafu siku ya kuuza soko letu ni nani? Ni sonara, au ni sie wachache tunaojuana, na sie wachache wote twataka kununua rahisi.

Sonara wetu ni watu waaminifu wengi wao na nawaheshimu sana, lakini usimpelekee pruufu bila kumwambia. Kuna mzee mmoja wa Kibokoni, ami yangu kwa heshima si kwa damu, alipelekewa sarafu na kijana, na kwa ukarimu wake kabla ya kuipima aliisugua ing'are. Kijana karibu azimie. “Mbona walia mwanangu, nimekusafishia bure!” Kwa sonara chafu ni chafu. Kwa mkusanyaji sarafu iliyosuguliwa ni sarafu iliyokufa, imebaki uzito. Na akitaka kuijaribu kwa jiwe na tindikali atakwaruza ukingo, nao ni msiba mwengine. Mwambie aipime uzito na upana kwanza, Silver Eagle lazima iwe milimita 40.6 na gramu 31.1, feki nyingi za chuma cha rahisi zaanguka hapo hapo kwa sababu zikipata upana zakosa uzito, zikipata uzito zawa nene. Au mtafute mwenye ile mashine ya miale, haikwaruzi kitu.

Pauni ni hivyo hivyo. Pauni ya dhahabu ya Waingereza, sovereini, gramu 7.98, karati 22, dhahabu safi ndani yake 7.32, nyanya zetu wengine walizivaa vidanini. Nzuri kupita kiasi. Lakini ikishatiwa kitundu au ikachomelewa kipete, yule mkusanyaji hana habari nayo tena, bei yake ni ya gramu. Watu huniletea pauni za nyanya zenye alama ya kuchomelewa wakiulizia bei waliyoiona kwenye simu, na bei waliyoiona ni ya pauni isiyowahi kuvaliwa. Mie huwaambia ziacheni shingoni.

Na alama za daraja? Kuna kampuni za Marekani, PCGS na NGC, zafunga sarafu ndani ya plastiki ngumu na kuipa namba ya ubora mpaka 70. Kwa sarafu ya zamani, hasa yenye kughushiwa sana, nakubali kulipia. Kwa sarafu iliyotoka minti jana, kulipia mara mbili kwa sababu imeandikwa 70 badala ya 69, wallahi sijaona. Za kisasa nyingi zatoka safi, hizo 70 zimejaa tele, na tofauti yenyewe yataka lenzi.

Mtu ataniuliza basi weye walipia ujira wapi, au ni bahili tu. Nalipia, tena bila kunung'unika. Rupia ya Mombasa ya 1888, ile iliyopigwa Birmingham kwa ajili ya kampuni ya Imperial British East Africa, jina la mji wetu limeandikwa juu yake, ina mizani upande mmoja na jua lenye taji upande wa pili. Uzito wake gramu 11.66, ambayo ni tola moja kamili, tola ile ile ya masonara wetu, fedha ya 917. Fedha iliyomo ni theluthi ya wakia na kidogo, hata fedha ikiwa dola 50 hiyo ni dola 17 hivi, na mie ntalipa mara nyingi ya hapo kwa iliyo safi isiyosuguliwa. Au zile dhahabu za Kenya za 1966, shilingi 100, 250 na 500, za Mzee Kenyatta kutimiza miaka 75. Hizo wanunuzi wake wako hapa hapa na wako Nairobi, na hakuna minti itakayoamka kesho ikatoa sura mpya kumi za rupia ya 1888. Uadimu wake ushamalizika kuhesabiwa.

Kasoro reale. Reale ya Maria Theresa, ile babu zetu walolipia mahari na pembe, bado yapigwa Austria mpaka leo na mwaka ulioandikwa ni ule ule 1780. Kwa hiyo ukipita maduka ya karibu na Ngome ukaambiwa hii ina miaka zaidi ya mia mbili, yaweza kuwa kweli na yaweza kuwa ilitoka mashineni juzi ikasuguliwa na masizi. Wapo wanaojua kuzitofautisha kwa alama ndogo ndogo za manyoya ya tai na bruchi ya yule bibi aliyechorwa, ni elimu nzima ile. Muuzaji hazijui, na bei yake ni ya miaka mia mbili. Mie huiweka kwenye mzani, gramu 28, fedha safi ndani 23.4, natoa bei ya hizo 23.4 kwa siku hiyo na mia mbili tatu juu yake za kumshukuru, akikataa twaagana kwa heri.